Diski ya GB 160 imeigandisha kompyuta ya kudarizi: madabodi haijafa

"Habari fundi. Nina duka la sare za shule hapa Kisumu, upande wa Kibuye. Beji za sweta tunazidarizi kwa mashine inayoongozwa na kompyuta ya zamani, Pentium II yenye Windows 98. Programu ya michoro haikubali kuhamia kompyuta nyingine kwa sababu ina ufunguo wake wa leseni unaochomekwa nyuma, kwenye poti ya printa, na aliyetuuzia alishafunga biashara. Tangu mwezi jana diski yake ya GB 6.4 inagonga tak-tak-tak kila asubuhi, kisha inatulia na kufanya kazi. Nikanunua diski ya mtumba ya GB 160, ya kebo pana kama ile ya zamani. Tulipoifunga, kompyuta iliganda pale pale inapotaja majina ya diski. Juu ya skrini pameandikwa Award 4.51PG. Tukiitoa, inawaka vizuri. Fundi mmoja amesema madabodi imekufa, ninunue kompyuta mpya. Mwingine anasema niingie kwenye BIOS nifanye ile fomati ya chini kabisa kwa diski zote mbili. Shule zinakaribia kufunguliwa na nina oda. Nifanye nini?"

Dada, kabla ya mengine yote, izime hiyo kompyuta na ikae imezimwa mpaka umalize kusoma. Beji zikichelewa wiki moja, mwalimu mkuu atanung'unika na yataisha. Michoro ikipotea, utachora upya nembo za shule zote, na sweta za kidato cha kwanza hazitafanana na za kidato cha pili.

Umeuliza swali moja, lakini ndani yake kuna matatizo mawili yasiyohusiana. Diski ya zamani inayogonga inaelekea kufa. Ile uliyonunua huenda ni nzima kabisa, ila kompyuta yako haiwezi kuhesabu kufikia ukubwa wake. Mafundi wako wameyaona yote mawili kwa siku moja wakayafanya ugonjwa mmoja, ndiyo maana tiba zao hazifanani.

Tuanze na madabodi, ile bodi kuu inayounganisha vipande vyote vya kompyuta, kwa kuwa hiyo ndiyo inayokunyima usingizi. Madabodi iliyokufa haifufuki kwa kutolewa diski. Yako inawaka, inaonyesha maandishi, inahesabu RAM, kisha inaganda pale tu inapoiuliza diski mpya ukubwa wake. Ukiiondoa diski hiyo, safari inaendelea. Hiyo ni bodi nzima iliyokutana na hesabu isiyoiweza.

Hesabu yenyewe ni hii. Diski za IDE, yaani hizi za kebo pana, enzi hizo zilijieleza kwa tarakimu tatu: silinda, vichwa na sekta. Kila sekta hubeba baiti 512. Kwa desturi vichwa hutajwa 16 na sekta 63, hata kama ndani ya diski kuna vichwa viwili tu. Ni makubaliano ya kuhesabiana, wala hayaonyeshi umbo halisi la ndani. BIOS, ile programu ndogo iliyomo kwenye bodi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, huchukua jumla ya sekta za diski, ikaigawanya kwa 16 na kwa 63, ikapata silinda. Kwa hiyo diski inavyokuwa kubwa, kinachoongezeka ni silinda. Sasa, BIOS nyingi za kampuni ya Award, kama yako, zilizotoka kabla ya katikati ya 1999 ziliitengea tarakimu hiyo nafasi ya biti 16, nayo hujaa ikifika 65,535. Zidisha 65,535 kwa 16, kwa 63, kisha kwa 512: unapata baiti kama bilioni 33.8. Diski ikizidi hapo, hesabu inafurika na BIOS inasimama wima. Toleo la 4.51PG linajulikana kwa jambo hilo. GB 160 imeupita mpaka huo karibu mara tano.

Na hata kama BIOS ingeikubali, ungekutana na Windows 98 mbele. Yenyewe huzitaja sekta kwa namba ya biti 28, na namba hiyo huishia kwenye GB 137. Ikipita hapo inafanya kama mita ya kilomita ya matatu kuukuu iliyojaa tisa tupu, inarudi sufuri. Kwa diski maana yake ni mbaya: unachodhani umekiandika mwishoni kinaangukia mwanzoni, juu ya orodha ya mafaili. Diski inakwenda vizuri miezi kadhaa ikiwa haijajaa, kisha siku moja kila kitu kinapotea kwa mpigo. Kwa hiyo aliyekuuzia GB 160 akidhani amekupa nafasi ya ziada, amekupa diski inayogonga ukuta wa kwanza na ingegonga wa pili.

Ile fomati ya chini kabisa, tafadhali usiiguse. Ni ushauri wa miaka ya themanini. Diski za wakati ule, kabla ya IDE, zilichorwa njia zake na kidhibiti kilichokuwa nje ya diski, na kila baada ya muda ilibidi zichorwe upya. Diski ya IDE huchorwa kiwandani kwa mitambo isiyokuwa kwenye BIOS yako. Kipengele hicho kilibaki kwenye menyu za baadhi ya BIOS za Award kama mabaki tu. Kwa diski ya zamani, amri hiyo itakufutia michoro au itaiua kwa kuifanyisha kazi nzito. Kwa mpya, haitapunguza hata GB moja ya zile zinazoigandisha kompyuta.

Sasa kule kugonga. Ndani ya diski kuna sahani zinazozunguka na mkono wenye vichwa vinavyoelea juu yake kwa hewa nyembamba sana. Mkono hujua ulipo kwa kusoma alama zilizoandikwa kwenye sahani zenyewe. Ukishindwa kuzisoma unarudi mwanzo na kujaribu tena, na kule kurudi ndiko kunakolia tak. Asubuhi diski imelala usiku kucha, mota na mafuta yake havijapata joto. Ikishapata moto inajikaza, inasoma, na wewe unashukuru. Usishukuru. Kila tak ni jaribio lililoshindikana, na majaribio yana mwisho.

Kuna mshukiwa mwingine wa kumpima kabla ya kuihukumu diski, nami naona mafundi wengi wanamruka: pawa saplai. Mota ya diski hula volti 12, na pawa saplai iliyozeeka ikishindwa kuzitoa vizuri wakati wa kuwaka, diski haifikii kasi yake, nayo hugonga vilevile. Fundi mwenye mita aweke ncha moja kwenye waya mweusi wa plagi ya diski na nyingine kwenye wa njano: asome kati ya 11.4 na 12.6, kompyuta ikiwa inawaka. Waya mwekundu usome kati ya 4.75 na 5.25. Kipimo kifanywe kwa plagi iliyobaki wazi, kompyuta ikiwashwa bila diski ya zamani kuunganishwa. Ukiweka CD ya kuwashia, utapata mzigo wa kutosha. Ikiwa chini ya hapo, badilisha pawa saplai kwanza, na huenda diski ikanyamaza. Hata ikinyamaza, nakala bado lazima.

Katika duka la kudarizi kuna sababu ya pawa saplai kuzeeka upesi. Fungua kifuniko cha pembeni utazame feni: utakuta manyoya ya nyuzi yamesokotana kwenye vipepeo kama kitambaa, ya rangi zote za sweta ulizoshona. Hapa Nakuru sisi tunapigana na vumbi. Kwenu Kisumu mna unyevu wa ziwa, na unyevu ukilowesha manyoya hayo yanagandamana. Yatoe kwa brashi laini na blowa, ukizuia feni isizunguke kwa kidole. Pawa saplai yenyewe usiifungue. Ndani yake kuna kapasita zinazoshika umeme mkali hata baada ya kuchomoa plagi.

Maadamu diski bado inasomeka, kazi ya kwanza ni nakala. Nasema nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, sio kunakili mafaili. Ukichukua mafaili peke yake utabaki na michoro bila programu ya kuifungua, maana Windows 98 huweka mipangilio ya programu sehemu nyingi zilizofichika, na programu za leseni za wakati ule nyingine zilisoma hata namba ya utambulisho inayoandikwa kwenye diski inapofomatiwa. Nakala ya sekta hubeba vyote hivyo jinsi vilivyo.

Utahitaji adapta ya IDE kwenda USB yenye pawa yake, na laptopu iliyowashwa kwa Linux, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, kutoka kwenye flash. Usitumie Windows ya kisasa kwa hatua hii. Inapoiona diski hupenda kuandika vitu vyake humo bila kuuliza, au inakuuliza kama uifomati, na kidole kikiteleza kazi imekwisha. Programu inaitwa ddrescue. Uzuri wake ni kwamba huchota kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, ikiruka zinazosumbua, na kuandika kwenye daftari lake ilipofika. Diski ikifa katikati, umeshapata sehemu kubwa. Ukilazimika kuzima, inaendelea ilipoachia. Amri ya kwanza ni hii:

ddrescue -n /dev/sdb duka.img duka.map

Ikimaliza, ya pili hurudia zile sehemu ngumu peke yake:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb duka.img duka.map

Hapo kwenye sdb ndipo pa kuwa na macho manne. Andika kwanza lsblk utazame ni jina gani lina ukubwa wa diski yako. Linux huhesabu GB kwa njia tofauti kidogo, kwa hiyo GB 6.4 itaonekana kama 6 hivi. Ukikosea jina utanakili diski isiyo yako. Ukigeuza chanzo na mwisho utaifuta yako.

Faili la duka.img litakuwa na GB 6.4. Kama utalihifadhi kwenye flash, ujue flash nyingi hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa mafaili uitwao FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Ifomati iwe exFAT kwanza. Na hapa ile GB 160 inapata kazi: kwenye adapta ya USB, BIOS ya Pentium II haihusiki, kwa hiyo laptopu itaiona yote. Kwa kuwa ni ya mtumba, usiifanye hifadhi ya pekee.

Yapo mambo watu watakushauri wakati huu, na ningependa usiyafanye. Usiweke diski kwenye friza. Ukiitoa katika joto la Kisumu itatoka jasho ndani, na tone moja kwenye sahani linatosha. Usiigonge wala kuitikisa. Usiifungue kifuniko, hata kutazama tu. Usiendeshe ScanDisk ile ya kupima uso mzima wala kupanga upya mafaili, kwa sababu hizo ni saa nyingi za kusoma na kuandika juu ya kitu kinachougua.

Kama huna adapta leo na una hofu diski haitafika kesho, kuna njia ya dharura. Michoro ya beji ikiwa imehifadhiwa kwa muundo wa DST, ule wa Tajima ambao karibu mashine zote za kudarizi huusoma, ni midogo mno: baiti 3 kwa kila mshono pamoja na 512 za mwanzo. Beji ya mishono 10,000 ni kilobaiti 30 hivi. Flopi moja ya MB 1.44 inabeba zaidi ya 40. Washa mara moja, nakili folda ya michoro kwenye flopi mbili zilizo nzima, zima. Kila kuwasha ni bahati nasibu, ndiyo maana naipendekeza tu pale ambapo huna namna nyingine ya karibu.

Nakala ikishakuwa salama, ndipo tuzungumze diski ya kuweka ndani. Una njia kadhaa.

Baadhi ya diski kubwa za IDE, Seagate Barracuda nyingi zikiwemo, zina jampa, kile kiplastiki kidogo kinachounganisha pini mbili nyuma ya diski, ya kupunguza ukubwa hadi GB 32. Ukiiweka, diski hujitangaza kuwa ndogo, BIOS inapita, na Windows 98 haikaribii ule mpaka wa GB 137. Tazama mchoro ulioko kwenye lebo ya hiyo GB 160. Ikiwa upo, umeokoa pesa. Ila utakuwa umebadilisha diski kuukuu kwa kuukuu nyingine, na hujui ilikozungukia kabla ya kufika mtumbani.

Kuna kuibadilisha BIOS yenyewe kwa toleo jipya. Kwa duka lako nasema hapana. Lazima faili liwe la bodi hiyo hiyo hasa, kampuni nyingi za wakati ule hazipo tena, na stima ikipotea katikati ya kazi hiyo ndipo kweli utakuwa na madabodi iliyokufa.

Adapta ya kuunganisha SSD ya kisasa kwenye kebo ya IDE ipo na inafanya kazi vizuri, lakini SSD nyingi sokoni huanzia GB 120, na BIOS yako itaganda vilevile. Adapta hubadilisha waya tu. Ukubwa unabaki ule ule.

Ninayoipenda kwa mashine kama yako ni kadi ya CompactFlash na adapta yake ya IDE. CompactFlash ilibuniwa ikiwa na uwezo wa kuongea IDE moja kwa moja, hivyo adapta yake ni waya na plagi tu, na kompyuta huiona kama diski. Haina mota, haigongi, haijali mtetemo wa meza ya mashine ya kudarizi, na haina haja na volti 12. Chukua ya GB 8 au 16. Usichukue ya GB 4, na si kwa sababu ya nafasi tu: BIOS katika hali ya LBA, ile ya kuzitaja sekta kwa namba moja ya mfululizo, huchagua idadi ya vichwa kulingana na ukubwa wa diski. Diski yako ya GB 6.4 iliandikwa kwa hesabu ya vichwa 255. Ya GB 8 na 16 pia huhesabiwa 255, kwa hiyo nakala inaingia na kuwaka bila kubishana. Ubaya wake nao nikuambie: kadi bandia zimejaa, na baadhi ya zile za kamera hujitambulisha kama kifaa cha kuchomeka na kuchomoa, jambo ambalo programu nyingine za zamani hazilipendi. Za viwandani hugharimu zaidi na zinastahili. Kadi huchoka kwa kuandikwa, lakini duka linaloandika michoro michache kwa siku halitaichosha upesi.

Kuiandikia nakala ni kwenye laptopu hiyo hiyo ya Linux, kwa kisomea kadi:

ddrescue -f duka.img /dev/sdc

Kabla ya kubonyeza, lsblk tena.

Sasa ufungaji. Kwanza nyuma ya kompyuta, karibu na plagi ya umeme, tafuta kiswichi kidogo chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Kikae kwenye 230. Nakitaja kwa sababu kompyuta za mtumba kutoka Marekani huja kikiwa 115, na mtu akipangusa vumbi au akihangaika na waya kinasogea; ukiwasha kwa stima yetu utasikia mlio na harufu. Chomoa plagi ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili chaji iliyobaki iishe, kisha shika chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani.

Piga picha kwa simu kila waya ulipo. Kebo ya IDE ina mstari mwekundu upande mmoja. Huo huelekea pini ya kwanza, ambayo kwenye diski kwa kawaida iko upande wa plagi ya pawa. Kebo nyingi zina kijino cha kuzuia kukosea, za zamani zaidi hazina, na ukiichomeka kichwa chini taa ya diski hukaa imewaka muda wote na kompyuta haiendelei. Vuta kwa plagi, usivute utepe. Kwenye kebo ya nyuzi 80, plagi ya buluu huenda kwenye bodi, nyeusi ya mwisho ni ya diski kuu, ya kijivu katikati ni ya diski ya pili. Weka kadi mwishoni, jampa ya adapta ikiwa kwenye master (diski kuu), na usiweke diski nyingine yoyote kwenye kebo hiyo. Ukiamua kutumia diski badala ya kadi, soma lebo: Western Digital nyingi zina mpangilio mmoja wa diski iliyo peke yake na mwingine wa master mwenye mwenzake, na ukichanganya, BIOS hukaa ikimsubiri mwenzake ambaye hayupo. Adapta nyingi za CompactFlash hutumia ile plagi ndogo ya pawa ya flopi. Ikiwa moja tu ipo na flopi unaihitaji, nunua waya wa kugawa.

Kabla hujaingia kubadilisha kitu kwenye BIOS, piga picha kurasa zake zote. Hili nalisisitiza kwa sababu ya ule ufunguo wa leseni. Poti ya printa ina anwani, mara nyingi 378, na ina hali yake ya kufanya kazi: ya kawaida, EPP au ECP. Betri ya duara ya CR2032 kwenye bodi ikiisha, BIOS husahau yote na kurudia mipangilio ya kiwanda, poti inabadilika hali, na programu inalalamika kuwa ufunguo haupo. Watu wengi wametupa funguo nzima kwa sababu ya betri ya shilingi chache. Dalili ni saa ya kompyuta kurudi nyuma miaka kila unapochomoa ukutani. Badilisha betri hiyo sasa, kisha urudishe mipangilio kama ilivyo kwenye picha. Ufunguo wenyewe usiuchomeke wala kuuchomoa kompyuta ikiwa inawaka, kadhalika kebo ya mashine ya kudarizi. Poti hizo hazikutengenezwa kwa mchezo huo.

Kwenye ukurasa wa diski chagua Auto na LBA. Usichague Normal wala Large, kwa kuwa kila moja ina namna yake ya kuhesabu vichwa, na nakala iliyoandikwa kwa moja haisomeki kwa nyingine. Hifadhi, washa. Windows ikiwaka, angalia saa, fungua programu, fungua beji moja, idarizi kwenye kitambaa chakavu. Ikisema haina mfumo wa kuwashia, chukua flopi ya kuwashia ya Windows 98, tumia fdisk kuona kama sehemu ya C imewekwa kuwa hai, kisha andika sys c: ujaribu tena. Ndani ya fdisk uwe wa kutazama tu. Usifute sehemu wala kuunda nyingine.

Ile diski ya zamani usiitupe wala kuiuza. Ifunge kwenye mfuko, iandike tarehe, ikae kabatini.

Fanya jambo moja zaidi ukipata nafasi, maana kadi mpya haiondoi ukweli kwamba kompyuta yote ni ya karne iliyopita. Toa kila mchoro kwa DST uweke kwenye laptopu. DST hubeba mishono na mahali pa kubadilisha uzi, lakini haibebi rangi zenyewe, kwa hiyo andika kando: shule fulani, uzi wa kwanza samawati, wa pili manjano. Kuna programu ya bure iitwayo Ink/Stitch, inayofanya kazi ndani ya Inkscape, ambayo husoma DST. Siku ufunguo wa leseni utakapokufa, na huo hauna nakala, bado utakuwa na beji zako.

Lini umwite mtu? Diski ikiwa haizunguki kabisa, au inagonga mfululizo bila kutambuliwa kwenye laptopu, acha mara moja. Hapo ni kazi ya wanaorejesha data kwa vifaa maalumu, na kila jaribio lako linapunguza nafasi yao. Ni huduma ghali, kwa hiyo uliza bei kwanza na upime dhidi ya kuchora upya. Ukiona kapasita za bodi zimefura vichwa au zimetoa maji ya kahawia, ukinusa kuungua, au volti zikisoma vibaya, mtafute fundi wa vifaa mwenye mita na chuma cha kulehemu. Na kwa hatua ya nakala, kama Linux inakutisha, lipa mtu aifanye mbele yako dukani; diski isitoke. Muulize atatumia nini. Akijibu kuwa ataifomati kwanza kisha arejeshe, mpe chai umuage.

Kabla ya kununua kadi, piga picha lebo ya ile GB 160 ionekane namba ya aina na mchoro wa jampa, unitumie. Ikiwa ina jampa ya GB 32, unaweza kufungua muhula nayo huku ukitafuta CompactFlash ya kweli bila haraka.